Kipepeo Mdogo wa Mwamba wa Manga

Enzi zetu, shule zikifungwa mwezi wa Disemba, hakuna mtoto aliyeuliza atafanya nini. Kazi ilikuwa inakungoja mlangoni. Asubuhi ulichuma pareto umande ukiwa bado juu ya maua, mchana ulipeleka ng'ombe mtoni, na ukipata nafasi katikati ulisukuma gurudumu la waya au ulicheza mpira wa maganda ya migomba, mpaka mtu aitwe kwao kwa sauti iliyovuka bonde. Mliozaliwa Gusii miaka ile mnaikumbuka sauti hiyo. Mama alisimama ukingoni mwa boma, akaita, na jina lako likapita juu ya mashamba ya watu wote. Siku hizi mama yuko jikoni anamtumia mwanawe ujumbe wa simu, mtoto yuko sebuleni, na bado hajibu.

Mimi ni Moraa, na sauti iliyoniita mimi haikuwa ya mama. Mama alifariki nikiwa mchanga, sura yake siijui. Aliyenilea ni bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Magokoro kama watoto wa Kisii wanavyowaita bibi zao. Nyumba yetu ilikuwa Manga, karibu na ukingo wa mwamba, mahali ambapo ukisimama asubuhi ukungu unakuwa chini yako na unasikia majogoo ya watu usiowaona.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli, Kwamboka, binti wa jirani. Kisha mashamba ya wazungu kule Borabu yakagawanywa, na malori yakaanza kuja kuchukua familia zilizopata ardhi. Kina Kwamboka walipandishwa juu ya magunia, pamoja na kuku na kitanda kilichofungwa miguu juu. Alinipungia mkono mpaka lori lilipopinda. Nyumba za upande wetu wa mwamba zikabaki chache, nyingi za wazee. Mchezo wa mawe unahitaji watu wawili, kwa hiyo nilijifunza kucheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto ulishindwa kila siku, na nilikuwa nikiuonea huruma.

Baba yangu, ambaye nilimwita Tata, alifanya kazi mjini Kisii katika studio ya picha ya Mhindi mmoja. Siku nzima alipiga watu picha za vitambulisho na picha za maarusi, watu waliosimama wima kama wanaosubiri hukumu. Alikuja nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu Magokoro hakuruhusu mtu aingie na vumbi la barabarani Sabato ikiwa imeshaanza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniletea mkate, akaniuliza habari za shule, nikajibu nzuri, basi. Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga kimya, na Magokoro ndiye aliyeongea kwa niaba yetu sote.

Kilichotuunganisha mimi na Tata kilianza na malalamiko ya mzee mmoja wa kanisa, Mzee Onsongo.

Chini ya mwamba kulikuwa na chemchemi iliyotengeneza kidimbwi, na kanisa letu lilibatizia watu hapo. Tata aliombwa apige picha za ubatizo, na wiki iliyofuata akazileta zikiwa zimeoshwa. Mzee Onsongo alikuwa amesimama ukingoni kwenye picha, amevaa kofia mpya. Aliitazama picha yake kwa muda, akairudisha.

"Umenichafulia kofia," akasema. "Nilikuja na kofia safi, wewe umeitia doa."

Tata akaichukua picha, akaisogeza karibu na macho, akatoa kioo chake cha kukuzia.

"Mzee, hilo si doa. Ni kipepeo."

"Kipepeo? Kwenye kofia yangu?" Mzee akawageukia waliokuwa karibu. "Na yeye alitubu lini?"

Watu walicheka. Tata hakucheka. Aliendelea kutazama kwenye kile kioo, na Jumapili asubuhi, badala ya kulala kama kawaida yake, alinigusa bega nikiwa nakunywa uji. "Twende chini," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba niende naye mahali.

Njia ya kushuka ilikuwa ya mbuzi, ulishikilia mizizi na kushuka kinyumenyume. Tulipofika kwenye chemchemi tuliketi. Muda mrefu hatukuona kitu ila mbu. Kisha jua likatoka kwenye wingu na nikaona kitu kikitua juu ya jani, kidogo kama ukucha wa kidole changu gumba, rangi ya majivu, na vidoadoa kama vya kanga. Nikafikiri, kwa hiki tu tumekatiza uji? Ndipo alipofungua mabawa. Ndani alikuwa buluu. Sijui niseme buluu gani. Nilivuta pumzi kwa sauti, naye akafunga mabawa yake, akawa majivu tena.

"Umeona?" Tata akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Basi sikuwa naota."

Kwa lugha yetu vipepeo wote wana jina moja tu, na huyu hatukumpa lake. Tulimwita "yule." Kuanzia hapo, kila kiangazi cha Disemba na Januari, Jumapili ilikuwa siku ya kwenda kumtafuta yule. Tulitembea ukingo wote wa mwamba, tukashuka upande wa Nyamira, tukapita mabonde yenye mito mizuri kuliko wetu, wala hatukumwona kwingine. Alikaa pale pale, kati ya ile chemchemi na mawe mawili makubwa, mahali unapoweza kurusha jiwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Tata alifikiri ni kwa sababu ya pareto iliyozunguka pande zote, maua yale yanayoua wadudu. Labda alikuwa sahihi, labda sivyo. Hatukuwa na mtu wa kumuuliza.

Tata alikuwa na kamera ya zamani yenye mvukuto, ya kukunjua, ambayo tajiri wake alikuwa amemwachia. Ilikuwa nzuri kwa maarusi, ila kitu cha karibu kilitoka ukungu mtupu. Alihangaika nayo mpaka siku moja alipookota sokoni miwani ya kusomea iliyovunjika. Akachukua kioo kimoja, akakifunga mbele ya lenzi kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kisha akakata kijiti, akapima: kipepeo akiwa kwenye ncha ya kijiti hiki, picha itakuwa safi, akisogea kidogo tu, hakuna kitu. Ilibidi umfikie kwa umbali wa kijiti bila kumgusa, bila kumtupia kivuli, na jua liwe limetoka, kwa maana bila jua hafungui mabawa. Vijana wa leo wanapiga picha ya chapati wakiwa wanaitafuna. Sisi tulishinda mchana kutwa tumelala kifudifudi kwenye matope, tukarudi tumepiga picha moja, na wiki iliyofuata ikatoka jani peke yake.

Magokoro hakupenda. "Mtoto wa kike anafukuza kuku kwenye wimbi," alisema, "hafukuzi vidudu na mtu mzima." Majirani nao waliongea. Mwanamume aliyefiwa na mke anatakiwa kuoa, na Tata alikuwa amekataa wanawake wazuri walioletwa na shangazi zangu. Sasa wakamwona akitambaa bondeni na kamera, wakatikisa vichwa. Nilisikia kisimani wakisema nyumba yetu imeingiwa na ukimya. Sikujua kama ni ugonjwa.

Lakini nawaambia, mle bondeni ukimya ule haukuwa mzito. Tuliketi juu ya jiwe, tukala ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani, tukasubiri wingu lipite. Siku moja nikapata ujasiri nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera tangu nilipoelewa kazi yake.

"Tata, kwa nini hatuna picha ya mama?"

Alimaliza kutafuna. "Kila nilipotaka kumpiga picha alisema hajasuka nywele. Alisema, wiki ijayo. Nami nikasema sawa, wiki ijayo."

"Kisha?"

"Kisha nikapiga picha za watu wote wa Kisii," akasema, akainua kamera ingawa hapakuwa na kitu cha kupiga.

Mapema miaka ya sabini, wapimaji wa ardhi walikuwa wamemaliza kazi upande wetu, na kila mtu alijua mpaka wake. Bonde la chemchemi liliangukia kwa baba yangu mdogo, Ombati, ndugu wa Tata wa tumbo moja. Ombati alikuwa na wana wengi na shamba la mteremko. Alikuja jioni moja, akakaa, akanywa chai, kisha akasema anapanda mikaratusi bondeni. Miti hiyo inakua haraka, inauzwa nguzo na kuni, na maji yako pale pale.

Tata akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, naomba usipande pale."

"Kwa nini?"

"Kuna kipepeo."

Ombati alinitazama mimi, akamtazama Magokoro, kama anayetaka kujua ni nani mwingine aliyesikia. "Una maana niache kupeleka watoto shule kwa sababu ya kipepeo?"

"Hayuko mahali pengine. Tumetafuta."

"Kaka, wewe una mshahara na mtoto mmoja," Ombati akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililofanya neno liume. "Mimi nina shamba lenye mawe. Nifanye nini?"

Magokoro akaongeza chai. Mwishowe Tata akasema, "Basi nipe kiangazi hiki. Sijapata picha yake hata moja iliyo safi. Mvua za masika zikianza, panda."

"Hilo nakupa," Ombati akasema. Wakashikana mikono.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri barua ya sekondari. Kile kiangazi kilikuja kibaya, mawingu Jumapili baada ya Jumapili, na mara mbili tulirudi tumelowa chepechepe. Mara ya pili baridi ikamwingia Tata kifuani. Alikuja nyumbani likizo ya ugonjwa, akalala chumba cha nyuma, anakohoa mpaka ukuta unasikia. Magokoro alimpaka mafuta ya ng'ombe kifuani na kuomba. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Nilimwona akitazama dirishani kila jua lilipotoka, kisha akigeuka ukutani.

Asubuhi moja kulipambazuka bila wingu. Aliniita.

"Kamera iko juu ya sanduku. Filamu nimeshaweka."

"Niende peke yangu?"

"Usimfuate," akasema, akipumua kati ya maneno. "Keti, yeye atakuja. Jua liwe begani kwako, lisiwe mgongoni, usije ukamtia kivuli. Na usibonyeze kwa kidole, bonyeza kwa pumzi. Ukitoa pumzi, ndipo ubonyeze."

Nilishuka njia ya mbuzi kamera ikining'inia shingoni. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu tangu Kwamboka aondoke, lakini upweke wa siku ile ulikuwa mwingine. Kila nilipogeuka kusema kitu, jiwe alilozoea kukalia Tata lilikuwa tupu. Niliketi. Jua lilipanda, miguu ikafa ganzi. Walikuja vipepeo wa njano, wale wa kila mahali, wakaenda. Nilianza kufikiri kwamba yule naye amehama, kama watu wote. Nikafikiri nitarudi nimwambie nini mtu anayekohoa vile.

Yule alipokuja hakunitazama, bila shaka. Alitua kwenye ua dogo lililoota kwenye unyevu, karibu na goti langu, mabawa yamefungwa. Nililala chini taratibu. Matope yaliniingia kifuani, baridi. Nikasogeza kijiti mpaka ncha ikawa kando yake. Nikabana viwiko ardhini. Wingu dogo likapita, nikangoja. Likaondoka, na jua likamfikia, akafungua mabawa yake polepole kama mtu anayefungua kitabu asichokifahamu. Nikatoa pumzi, nikabonyeza.

Kamera ililia kidogo, akaruka. Nilibaki nimelala pale, nikalia mimi pia, sijui kwa nini, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Tata alipata nafuu, akarudi kazini na ile filamu. Wiki ile ilikuwa ndefu. Ijumaa nilimngoja barabarani. Alitembea polepole, koti limempwaya, na alipofika hakunisalimia kwanza. Akatoa bahasha mfukoni, akanipa.

Kipepeo alikuwa pale. Mabawa yote mawili yamefunguka, safi, unaona hadi manyoya madogo pembeni na kipapasio cha kichwani kilichopinda kidogo. Nilimtazama mpaka furaha ikaanza kunitoka, na sikuelewa inatoka kwa nini. Kisha nikaelewa. Alikuwa kijivu. Nje kijivu na ndani kijivu, kijivu kama kila arusi na kila ubatizo uliowahi kutoka katika studio ile. Tulijua kuwa itakuwa hivyo. Filamu ya rangi ilikuwepo, lakini ilitumwa mbali kuoshwa, ilikuwa ya watalii. Tulijua, na bado nadhani sote wawili tulitegemea kitu kingine.

"Picha yako ni nzuri kuliko zangu zote," Tata akasema.

"Buluu yake haipo."

"Wewe umeiona. Nami nimeiona. Basi ipo."

Mvua zilipoanza, Ombati alileta miche. Tata, kabla hajapona vizuri, aliteremka bondeni na jembe akamsaidia kuchimba mashimo. Niliwaona kutoka juu, ndugu wawili wameinama, mmoja anachimba, mwingine anaweka mche. Sikuwahi kumuuliza alijisikiaje. Mimi nilikwenda sekondari ya bweni na sanduku la bati. Kila niliporudi likizo miti ilikuwa imenizidi urefu, kisha imezidi nyumba. Tulishuka na Tata Disemba mbili tatu zaidi. Miti ilikuwa imekunywa maji, kidimbwi kilikuwa kimegeuka tope, kisha majani makavu yanayonukia dawa ya kifua, na kanisa likahamishia ubatizo wake kwingine. Watoto wa Ombati walisoma, wakafaulu, na mmoja wao ndiye aliyemtibu Tata uzeeni. Siwezi kusema miti ile ilikuwa kosa. Nasema tu kwamba yule hatukumwona tena.

Tata hakuoa. Alizeeka vizuri, akafa kitandani mwake, na wiki moja kabla ya hapo alikuwa bado anaweza kuniuliza, "Unaikumbuka?" nami nikajibu, "Naikumbuka." Hatukuhitaji kutaja ni nini. Sasa hakuna anayeniuliza.

Ukienda Manga leo utakuta barabara nzuri na bodaboda ukingoni, na vijana wanaokuja kupiga picha wameligeuzia mgongo bonde zima, wanajitazama wenyewe. Siwalaumu. Wana picha za mama zao wakiwa jikoni, wakiwa kanisani, wakiwa wamelala mdomo wazi, na hakuna anayeambiwa wiki ijayo. Sisi tulikuwa na macho tu, na mtu wa kutazama naye.

Likizo iliyopita mjukuu wangu Nyaboke alikuja kutoka Nairobi. Ananiita shosho, yaani bibi kwa Kiswahili cha Nairobi, neno ambalo Magokoro angelisikia angedhani naitwa kama mbuzi. Aliona ile picha ukutani, akaniuliza kama ni jani. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu, simu ameiweka chini. Kisha akaichukua, akaipiga picha ile picha.

"Shosho, naweza kumtia rangi. Niambie tu alikuwa buluu gani."

Akaketi karibu nami, akafungua ukurasa uliojaa buluu, nyingi mno, zimepangwa kama mbegu kwenye ungo. Akaanza kugusa moja moja, na kila alipogusa, kipepeo akabadilika.

"Ni hii?"

"Hapana."

"Hii je?"

"Hapana, ile ilikuwa na... hapana."

Aliendelea kwa subira, mtoto mzuri yule. Nami nilitazama, nikangoja mwili unishtue kama ulivyonishtua siku ile ya uji uliokatizwa. Nilitazama buluu baada ya buluu. Na taratibu nikagundua kwamba nilikuwa nakataa tu. Sikuwa tena na kitu cha kulinganishia. Nilijaribu kumwona pale kwenye jani, jua likitoka, na kilichokuja kilikuwa kijivu, safi, na kipapasio kilichopinda kidogo.

"Hii, shosho?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni hiyo."

Alifurahi sana. Akaikuza ikajaa kioo chote, akaniwekea mkononi nitazame. Alikuwa kipepeo mzuri mno. Sikuwahi kumwona mahali popote.